Kukata mikoko Zanzibar kupigwe marufuku kabisa, au watu waachiwe kuni zao?

Mkaazi wa Chwaka: Assalaam alaykum. Mimi nasema isikatwe hata boriti moja. Ilipomalizwa kwa makaa na tanuri za chokaa, bahari imekosa kizuizi. Kisiwa Panza, kule Pemba, maji ya chumvi yameshaingia mashambani. Na msiniambie mwanamke wa shamba hana njia nyengine, gesi siku hizi inauzwa mpaka vijijini.

Mama Mwani: Inauzwa, pesa ya kujaza mtungi anatoa nani? Bahari imepata joto, kotonii, ule mwani wa bei nzuri, inatufia, tumebaki na mwani wa spinosum ambao bei yake haifiki popote. Halafu nyinyi wa mjini, mnaolala na feni usiku kucha, ndio mtukataze kuni!

Darajani: Feni usiku kucha? Bi mkubwa, 2008 ulikuwepo? Waya wa umeme kutoka Bara ulipoharibika tulikaa kizani miezi mitatu, mabomba makavu, jenereta zinanguruma kila duka.

Bin Shamte: Sheikh, 2008 ilikuwa kiasi cha mwezi. Miezi mitatu ni ile ya Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Na sisi Pemba waya kutoka Tanga tumeupata 2010 hiyo hiyo. Kabla yake tulikuwa na majenereta ya Wesha, leo yapo kesho hayapo, na hakuna aliyetulilia. Unguja ikizimika wiki moja, dunia nzima inajua.

Darajani: Nani kasema Pemba hamkuumia? Kila neno mnalipeleka huko! Ninachosema, visiwa viwili vinaishi kwa nyaya za chini ya bahari. 2013 tukaletewa waya mwengine wa megawati 100 kwa pesa za Marekani, tukaona mambo yamekwisha. Umeme wa jua je? Kijijini Kinyasini, Unguja, wapo kinamama waliofundishwa kufunga sola, na nyumba za vijijini zinawaka taa.

Mama Mwani: Hongera zao, nawapenda. Lakini sola ile ni ya taa na kuchaji simu. Haiivishi maharage. Mimi nimezungumza jiko la kupikia, wewe unanijibu taa.

Bin Shamte: Hapo Mama kasema kweli. Ila Darajani bado hajanijibu la Wesha.

Mkaazi wa Chwaka: Mama, nikuulize wewe. Serikali ikiishusha bei ya gesi, kuni utaziacha?

Mama Mwani: Ishushe kwanza, mwanangu. Na bei ya mwani ipande.