Nimerudishwa ofisini Mwanza ili niongee na watu wa Dar kwenye Zoom, hii ni akili kweli?

Wakuu heshima kwenu, leo nina hasira mnisamehe nikiandika ovyo.

Iko hivi. Mimi nakaa Kisesa, ofisi iko mjini kati, timu yangu yote na bosi wako Dar. Miaka miwili nimepiga kazi sebuleni kwangu, ripoti zinaenda kwa wakati, hakuna aliyewahi kulalamika. Mwezi uliopita ikaja memo, wote ofisini siku tano, kidole kwenye mashine kabla ya saa mbili, ukichelewa unakatwa. Sababu eti "ushirikiano". Nashirikiana na nani sasa? Hapa tuko watatu, mimi, dereva na dada wa mapokezi.

Sikieni ya jana. Saa kumi na moja alfajiri niko kituoni, daladala imejaa mpaka konda ananing'inia mlangoni na bado anatuambia sogeeni nyuma nafasi ipo, nafasi gani kaka, Igoma tumesimama, Nyakato tumesimama, usiku mvua ilinyesha kwa hiyo kule Mabatini mto Mirongo umeshamwaga maji barabarani, watu wanashuka wanavua viatu, nafika saa mbili na dakika kumi na moja. Mashine ikaniandika nimechelewa. Nikawasha laptopu, waifai ya ofisi haifungui hata meseji, nikajiunga bando kwa hela yangu nikaingia Zoom kuongea na bosi ambaye yuko KWAKE, jogoo anawika nyuma yake. Kumbe memo haiwahusu wakuu wa idara.

Saa tano umeme ukakatika. Jenereta lipo, dizeli hakuna. Tumekaa mpaka saa nane dereva anatusimulia habari za sangara. Kwangu nina sola na betri, ningekuwa nimeshamaliza.

Nauli na ugali wa mama ntilie ni kama elfu tano kwa siku, piga mara 22, laki moja na elfu kumi inatoka mfukoni kwangu. Mshahara ni uleule.

Nikauliza kikaoni nikajibiwa Amazon wenyewe wamerudisha watu siku tano toka Januari 2025. Mishahara ya Amazon mbona hamuiigi? Na Januari hiyohiyo serikali yetu iliwaambia watumishi wa Dar wafanyie kazi nyumbani siku mbili kisa mkutano wa nishati wa marais wa Afrika, ili barabara zipumue. Yaani msafara wa wageni ni sababu ila Mabatini yangu siyo! China, kampuni ya Trip.com walipima kabisa, watu zaidi ya 1600, wengine wakaachiwa siku mbili za nyumbani kwa wiki, kazi haikushuka na walioacha kazi wakapungua kwa theluthi moja, ilitoka kwenye jarida la Nature 2024. Nikautupia utafiti kwenye grupu la kazini. Tiki za bluu, kimya.

Sisemi nyumbani ni peponi, jirani yangu ana spika la kigodoro na mwanangu ameshaingia kwenye kikao bila nguo. Na kijana anayeanza kazi kweli anajifunza akikaa na wenzie. Ila mimi nikikaa na dereva nijifunze nini, kupiga rivasi?

NYONGEZA: mliosema niache kazi wenzangu wanaitafuta, asanteni, ada ya shule mtalipa nyie.

Nachotaka hasa ni mjuzi wa sheria za kazi. Mkataba wangu umeandika "kituo cha kazi Mwanza" basi, hautaji ofisi wala jengo. Wao wanasema maana yake mjini, na Kisesa ni wilaya ya Magu. Magu si iko mkoa wa Mwanza jamani? Na hiyo ya kukata hela kwa dakika kumi na moja bila barua inaruhusiwa? Anayejua anijibu kabla ya tarehe 25, mshahara haujatoka bado.