Makinda wa nyoka wamegoma kula, naomba ushauri

Mtunza_Vizimba
Assalaam alaykum wenzangu. Niko kusini Unguja, nahudumia vizimba kwenye kituo kidogo wanakokuja watoto wa skuli na wageni kutazama wanyama. Tunaye jike la yule nyoka wa kahawia wa majumbani, mwenye michirizi miwili ya rangi ya maziwa kila upande wa kichwa, asiye na sumu. Alitaga, mayai yakaanguliwa salama, na makinda wengi wanakula vichanga vya panya bila taabu.

Watatu ndio walionishinda. Gamba la kwanza wameshajivua, kwa hiyo siwezi kusema bado ni mapema. Nikimsogezea kichanga kwa koleo anajikunja, anaingiza kichwa chini ya mwili wake, na nikizidi kumbughudhi anapiga kwa pua, mdomo kaufumba. Asubuhi nakuta kichanga kiko palepale, ngozi imekauka. Mmoja kati yao ni mwembamba kama kamba ya kiatu.

Kuna anayeniambia nimshindilie chakula kwa mkono. Roho inasita. Nifanyeje?

Mpenda_Mchuzi
Yaani nyoka kagoma kula na weye ndo unambembeleza? Kwetu Pemba angeshakula bakora zamani.

Bi_Kizimba
Mpenda_Mchuzi, huyo unayempiga bakora ndiye anayemaliza panya kwenye ghala lako la mpunga. Tuendelee.

Mtunza, joto likoje usiku? Kipupwe hiki chumba cha sakafu ya saruji hushuka mpaka nyuzi 22 hivi, na kinda asiye na joto hali. Akila, chakula kinamwozea tumboni akitapike. Upande mmoja wa kopo uwe nyuzi 28 mpaka 30, upande wa pili ubaki wa baridi ajichagulie mwenyewe. Na kopo lenyewe la ukubwa gani?

Mtunza_Vizimba
Joto lipo, dada, tuna mkeka wa umeme wenye kidhibiti, isipokuwa umeme ukikatika. Kopo ni kubwa kidogo, lile la kuwekea mikate.

Mzamiaji_Ughaibuni
Kubwa mno. Kinda kwenye uwanja mpana anajiona ameanikwa. Mtie kwenye kikopo cha kiganja chenye matundu, karatasi ya jikoni chini, kipande cha gamba la mti cha kujifichia.

Mie niko Marekani, miaka mingi nazalisha nyoka wa panya wa huku, hasa wale wanaoitwa nyoka wa mahindi. Si ndugu wa karibu wa huyo wenu, lakini mgomo wao ni uleule na sababu yake ni ileile. Huku mwituni makinda wao huanza maisha kwa kula mijusi midogo na vyura wa mitini. Panya huja baadaye, mdomo ukishapanuka. Wenu nao hivyohivyo, wadogo hula mijusi. Sasa kinda aliyezaliwa akisubiri harufu ya mjusi, weye unamletea kichanga chenye harufu ya maranda na mkojo wa panya! Hakijui kitu hicho.

Kwa hiyo kioshe kichanga kilichokufa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, kisuuze sana, kikaushe. Halafu tafuta mjusi kafiri ukutani, hapo kwenu wamejaa kila penye taa. Kisugue kichanga kwenye ngozi ya mjusi huyo, zaidi kichwa na pua ya kichanga, kwa sababu nyoka huanzia kichwani. Kipashe joto kidogo, kiweke ndani ya kikopo baada ya Isha, funika, zima taa, ondoka. Usichungulie. Hawa wenu ni wa usiku.

Ikishindikana, toboa fuvu la kichanga kwa sindano ubongo uchuruzike kidogo puani. Inachukiza, najua, lakini wakaidi wengi huku nimewapata kwa njia hiyo.

Jambo moja msiige kwetu: wapo wafugaji wa huku wanaowapoza makinda wagumu kwa wiki kadhaa, kama majira ya baridi, wakiamka wanakula. Nyoka wa panya wa Marekani ameumbwa kwa baridi hiyo. Wa Unguja hajawahi kuiona.

Daktari_wa_Ng'ombe
Harufu sawa, ila usimpe mjusi mzima wa ukutani akamle. Wamebeba minyoo chungu nzima. Ukilazimika, mgandishe huyo mjusi kwanza kwenye friza wiki kadhaa; inapunguza minyoo, haimalizi.

Kuhusu kushindilia: hapana. Umio la kinda ni jembamba mno, ukikwaruza umemuua. Mpime kila wiki kwa mizani inayosoma gramu. Madhali uzito haushuki sana na mgongo haujatokeza ukingo, bado ana akiba mwilini na anaweza kungoja. Ukianza kuona ukingo, hapo mfungue mdomo taratibu kwa ncha ya kadi laini, mwekee kichwa cha kichanga kidogo kabisa kati ya taya, kisha mweke chini na ugande kama mti. Mara nyingi humeza mwenyewe. Kibali mnacho lakini?

Mtunza_Vizimba
Kibali tunacho, kituo kinafanya kazi na Idara ya Misitu.

Narudi na habari. Nimewahamishia kwenye vikopo vidogo na kutumia harufu ya mjusi. Wawili wamekula! Mmoja sikungoja hata asubuhi, nilisikia karatasi inachakarika nikiwa bado nafunga mlango. Yule mwembamba bado. Kuna njia ya kumtoa baadaye kwenye harufu hii, au nitasugua mijusi maisha yangu yote?

Mzamiaji_Ughaibuni
Hahaha, hapana. Milo michache ijayo sugua kichanga chote, kisha kichwa tu, kisha pua tu, halafu acha. Akikataa rudi hatua moja. Wawili hao usiwashike siku mbili baada ya kula, hata mgeni akiomba picha.

Yule mwembamba mpe kidogo zaidi: mkia wa mjusi aliyegandishwa, au mguu wa kichanga badala ya kichanga kizima. Kwa mdomo wake ule, kizima huenda kinamtisha.

Daktari_wa_Ng'ombe
Na mpime leo, kabla hujajaribu. Uandike.