Kusafiri nyumbani Tanga na sindano za vitamini B12

Ujumbe wa kwanza, kutoka Leicester

Assalamu alaykum ndugu zangu, na shikamooni nyote mlionitangulia.

Mwezi ujao, inshallah, nitakwenda nyumbani Makorora kwa miezi minne kumuuguza mama, ambaye amefanyiwa upasuaji wa nyonga. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba mimi mwenyewe ni mgonjwa wa sindano. Miaka miwili iliyopita nilianza kufa ganzi nyayoni na kuchoka kupita kiasi, vipimo vikaonyesha kuwa tumbo langu halifyonzi vitamini B12, na tangu hapo muuguzi hunidunga haidroksokobalamini, yaani B12 ya sindano, kila baada ya miezi miwili. Mama anaamini kuwa maradhi haya nimeyapata kwa kula vyakula vya makopo, na ameahidi kunipikia maini na dagaa mpaka nisahau sindano. Shangazi naye ameniambia kuwa ini huweka akiba ya vitamini hii kwa miaka, basi miezi minne si kitu. Naomba aliyepitia hali hii anieleze kama inafaa kuacha kwa muda huo, na kama haifai, dawa nitaibebaje, na mama nitamwelezaje bila kumvunja moyo.

Ujumbe wa pili, kutoka Chumbageni, Tanga

Wa alaykum salaam, na marahaba, mdogo wangu. Mwenyezi Mungu amponye mama.

Nimeishi Leeds miaka 19, nina maradhi hayo hayo, na ninakujibu nikiwa hapa Tanga katika safari yangu ya tano ya kuja nyumbani na sindano mkobani.

Nianze na akiba ya ini, kwa sababu ndiyo inayowaponza wengi. Ni kweli kwamba mtu mzima mwenye tumbo zima anaweza kuacha kula samaki, nyama, mayai na maziwa, asione dalili kwa miaka kadhaa, kwani ini lake limehifadhi B12 ya kutosha. Lakini mtu huyo ana jambo ambalo mimi na wewe hatunalo. Kila siku ini humwaga sehemu ya B12 utumboni pamoja na nyongo, na mwenye afya huifyonza tena sehemu kubwa, ikarudi ilikotoka. Sisi tuliokosa njia ya kuifyonza ile ya sahanini tumekosa pia njia ya kuirudisha hii ya nyongo, hivyo akiba yetu huvuja wakati ya wenzetu inazunguka. Isitoshe, wewe ulishaguswa mishipa ya fahamu. Damu iliyopungua hurudi upesi ukitibiwa, lakini neva iliyokaa muda mrefu bila B12 huenda isirudi kamwe. Mimi mwenyewe vidole viwili vya mguu wa kushoto havijapata hisia mpaka leo, kwa sababu zahanati niliyokwenda mwanzo ilinipa vidonge vya madini chuma na asidi ya foliki kwa miezi mingi bila kupima B12. Damu ikapanda kidogo kwa ile foliki, kila mtu akaridhika, na huku ganzi ikipanda kutoka vidoleni mpaka vifundoni. Nilitambua hali imekuwa mbaya siku nilipotembea barazani na kandambili moja, ya pili ikiwa imenivuka hatua kumi nyuma bila mguu kuhisi. Kwa hiyo usikubali kupewa foliki peke yake na mtu yeyote mwenye nia njema, awe ndugu au muuza duka la dawa, pasipo B12 kushughulikiwa kwanza.

Kuhusu maini ya mama, nakuomba usimcheke wala usimkemee, kwa maana ushauri wake una asili ya heshima. Maradhi haya, ambayo kitabibu huitwa anemia pernisiosa, yalikuwa yakiua mpaka mwaka 1926, pale George Minot na William Murphy wa Boston walipotangaza kuwa wagonjwa waliolishwa maini kwa wingi, kiasi cha gramu 120 hadi 240 kila siku, walikuwa wakipona. Wao pamoja na George Whipple walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1934. Siri iliyokuwamo ndani ya maini ilikuja kutengwa mwaka 1948, nayo ndiyo B12. Maini yale yaliwafaa kwa sababu vitamini ikiwa nyingi mno, takriban asilimia moja hupenya ukuta wa utumbo yenyewe bila msaada. Lakini fikiria mtu ale maini karibu robo kilo kila siku ya maisha yake. Sindano moja ya mikrogramu 1,000 inamwondolea mtu mzigo huo.

Mama yangu hakuelewa neno lolote katika maelezo ya daktari niliyomtafsiria, mpaka nilipomkumbusha kazi ya marehemu baba. Baba alikuwa kuli bandarini hapa. Kwa miaka mingi, kabla ya gati kuongezewa kina, meli kubwa zilikuwa zikitia nanga mbali kwenye ghuba, na mzigo ukipakuliwa kwenye matishari ndipo uvutwe mpaka ufukweni. Nilimwambia: mama, samaki na nyama ninazokula ni meli, na damu yangu ni mji. Tumbo la mtu mwenye afya hutengeneza protini maalumu inayoipokea B12 na kuifikisha mwisho wa utumbo mwembamba, mahali pekee inapoteremshwa. Protini hiyo ndiyo tishari. Kinga ya mwili wangu imekosea adui, inashambulia seli za tumbo zinazounda matishari, kwa hiyo hata zikija meli 20 zimejaa changu na maziwa, mji unalala njaa. Sindano ni mzigo uliokuja kwa barabara. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza ni nani atakayenidunga hapa. Tangu siku hiyo hajaniambia tena kwamba Ulaya imenikausha kwa sababu sili.

Sasa safari yenyewe. Mwombe daktari wako wa familia akudunge siku chache kabla ya kuondoka hata kama zamu haijatimia, kwani kuitanguliza kidogo hakuna madhara, kisha akuandikie ampuli, yaani vichupa vya dawa, za muda utakaokuwa huku na moja ya ziada, maana ni kioo na kioo huvunjika. Omba barua yenye jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, jina la dawa, kipimo, na sababu ya kubeba sindano. Weka vyote kwenye mkoba unaoingia nao ndani ya ndege, dawa ikiwa katika boksi lake lenye lebo ya famasia. Haidroksokobalamini hutakiwa kukaa chini ya nyuzi joto 25 na mbali na mwanga, na unaijua Tanga ya Januari. Usiache mkoba ndani ya gari linapopumzika Segera. Nyumbani mimi naweka boksi ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko, nalo naliweka sehemu ya chini ya friji, mbali kabisa na friza.

Usijidunge mwenyewe ikiwa hujafundishwa. Sindano hii huingia kwenye msuli, na muuguzi wa hospitali au zahanati yoyote yenye sifa anaweza kuitoa akiona barua na dawa. Sindano iliyotumika isitupwe kwenye taka za nyumbani ambako watoto huchakura. Irudi hapo hapo hospitali.

Kuna mambo mawili utakayokutana nayo huku. La kwanza ni kwamba mtu mwema anaweza kukushauri upime B12 kwanza. Kwa mgonjwa anayedungwa, kipimo hicho hutoka juu, nawe utaambiwa unayo ya kutosha, uache. Namba hiyo inaonyesha sindano yako ya mwisho, haionyeshi kwamba tumbo limepona. La pili ni vidonge vya mchanganyiko wa B1, B6 na B12, ambavyo hupatikana madukani kwa urahisi na hupewa kila anayelalamika ganzi. Soma kiasi. B6 nyingi inayomezwa kwa miezi inaweza yenyewe kuleta ganzi, na hapo hutajua unaumwa nini. Vidonge vya B12 peke yake vya mikrogramu 1,000 kila siku huwafaa baadhi ya wagonjwa kwa njia ya ile asilimia moja, lakini kuhamia huko ni jambo la kuamua na daktari wako kabla hujapanda ndege, hasa kwa wewe uliyeguswa neva.

Kwa kuwa tumbo letu hutoa asidi kidogo, madini chuma nayo husumbua. Kamulia ndimu kwenye mchicha au kisamvu, na chai ya rangi isubiri saa moja baada ya chakula, ingawa najua kwa mtu wa Tanga huo ni mtihani. Vitamini D itakupa shida zaidi Leicester kuliko hapa, kwani kuanzia Oktoba mpaka mwanzoni mwa Machi jua la Uingereza halitoshi ngozi kuitengeneza, ndiyo maana tunashauriwa mikrogramu 10 kwa siku, nasi wenye ngozi nyeusi mwaka mzima.

Liko jambo moja zaidi ambalo hukuuliza. Majirani wakikuona unaingia hospitali kila mara kudungwa watanong’ona, na hujui watataja ugonjwa gani. Mwaka wa kwanza nilijificha, nikawa natoka alfajiri kama mwizi, na manung’uniko yakazidi. Safari iliyofuata niliwaambia wazi mbele ya kina shangazi wakati tunachambua mchele wa arusi. Wawili kati yao walinifuata baadaye, kila mmoja kwa siri yake, wakanionyesha nyayo zao.

Ujumbe wa tatu, kutoka Toronto

Salaam kwenu. Naongeza kwa ufupi tu kwa walio upande huu wa bahari. Kanada na Marekani dawa inayotumika zaidi ni sianokobalamini, aina nyingine ya B12, ambayo kwa kawaida hudungwa kila mwezi, kwa hiyo miezi minne ni ampuli nne na ya akiba, na usifuate ratiba ya ndugu zetu wa Uingereza.

Pia naomba dada wa Chumbageni awaambie wale shangazi wawili wataje dawa wanazomeza. Baba yangu, ambaye yuko Ngamiani, alikuwa akifa ganzi miguuni na wote tulisema ni sukari. Ilikuwa kweli ana sukari, lakini alikuwa amemeza metformini, dawa ya sukari, kwa miaka mingi, na dawa hiyo hupunguza ufyonzaji wa B12, kama ifanyavyo pia omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, ikitumiwa kwa muda mrefu. Asiiache mtu kwa kusoma ujumbe huu. Aombe B12 ipimwe.

Ujumbe wa nne, kutoka Leicester

Ahsanteni sana, dada na kaka, Mungu awalipe.

Daktari amekubali. Nitadungwa siku tatu kabla ya safari, na barua ipo tayari pamoja na ampuli tatu. Jana nilimpigia mama simu, nikamweleza habari ya matishari, naye anayakumbuka vizuri kwa sababu kaka yake alifanya kazi hiyo. Aliniuliza kama tishari lililoharibika haliwezi kuundwa upya. Nilimwambia kuwa kwa ugonjwa huu haliundwi, na kwamba sindano ni ya maisha. Akasema maini atapika vilevile, kwa sababu nayapenda, na kwamba binti wa jirani ni muuguzi, atamwomba anipeleke kazini kwake wiki ya nane ikifika.