Naomba ushauri: "operculum" niiteje kwenye mafunzo ya kuokota konokono wa kichocho?

NyotaYaUkara
Wakuu salaam. Nimepewa kazi ya kuandaa kijitabu cha kuwafundishia wahudumu wa afya wa jamii watakaookota konokono kandokando ya Ziwa Victoria kwa ajili ya uchunguzi wa kichocho. Wengi wao ni wavuvi na akina mama wachuuzi wa samaki. Kilatini hakiwahusu.

Nilipokwama ni hapa. Hatua ya kwanza ya kuwachambua konokono ni kutazama kama ana operculum au hana. Nikafungua kamusi ya baiolojia: mfupa unaofunika matamvua ya samaki. Kamusi ya tiba: sehemu ya ubongo. Mdogo wangu anasomea udaktari wa meno, naye anashikilia kwamba ni nyama ya ufizi. Jamani, konokono na ufizi wapi na wapi?

Naomba mnisaidie, nitumie neno gani la Kiswahili? Na hizo maana nyingine nizieleze au niachane nazo? Mafunzo ni wiki ijayo.

Mzee wa Dagaa
Andika "mlango". Konokono akiingia ndani anafunga mlango. Umemaliza kazi.

Gego la Mwisho
Mdogo wako hajakosea, dada. Gego la mwisho la chini likichomoza nusu, ufizi hubaki umelifunika juu. Kipande hicho sisi wa meno ndicho tunachokiita operculum. Chakula kinajipenyeza chini yake, bakteria wanazaliana, shavu linavimba, mtu hata kufungua mdomo hawezi. Wengi wanaokuja na tatizo hilo ni vijana wa miaka ya ishirini.

Na ukienda kwa wakunga utakuta jingine: ule ute mzito unaoziba mlango wa kizazi wakati wa ujauzito, nao vitabu vinauita operculum.

Mpanda Miti
Ongezeni na mkaratusi. Tumba la ua lake lina kakofia kanakodondoka ua linapochanua, nako ni operculum. Jina lenyewe Eucalyptus alilitunga Mfaransa L'Héritier mwaka 1788 kutokana na Kigiriki, maana yake "iliyofunikwa vizuri". Hata kuvumwani kuna kifuniko cha aina hiyo kwenye kibumba cha spora zake, vile vichembe vya kuzaliana...

Hadubini
Mkuu, dada ana wiki moja tu.

NyotaYaUkara, usibabaike. Operire kwa Kilatini ni kufunika, na operculum ni kifuniko. Waroma walilitumia hata kwa kifuniko cha chungu. Waliokuja baadaye kuvipa majina viungo vya watu na wanyama, kila walipokuta kitu kinafunika kingine walikipachika neno hilo, bila kujali kimeumbwa na nini. Cha samaki ni mifupa minne bapa iliyoungana. Cha konokono anakitengeneza kwa mguu wake. Cha ubongo ni kingo za sehemu ya mbele, ya juu na ya pembeni zinazoificha insula, sehemu nyingine ya ubongo iliyo ndani. Eneo la Broca, linalohusika na kutamka maneno, lina kipande kinachotajwa kwa jina hilohilo. Hakuna undugu hapo. Ukikutana na neno hili, uliza ni la kiumbe gani na kinafunikwa nini, basi.

Mimi niko maabara, nikutahadharishe kitu. Yai la mnyoo wa ini wa ng'ombe lina operculum, na kiluwiluwi hutokea hapo. Yai la kichocho halina. Lenyewe lina mwiba: ubavuni kama ni kichocho cha tumbo, nchani kama ni cha mkojo. Sasa ukiandika tu "kichocho hakina kifuniko", msomaji hatajua unasema yai au konokono. Ni kweli kwa vyote viwili, lakini ni bahati tu. Siku utakapogusia mnyoo wa ini mambo yatageuka, kwa sababu yai lake lina kifuniko na konokono anayembeba hana.

KomeNaKoa
Nimefanya kazi ya konokono wa maji muda mrefu, naomba nimpinge Mzee wa Dagaa kwa heshima. Shikamoo mzee.

"Mlango" ni neno zuri, ila utakuletea tabu kwenye hatua ya pili. Baada ya kutazama kifuniko, mwokotaji anatakiwa amshike konokono ncha ya gamba ikiwa juu, tundu likimwelekea yeye, kisha aseme tundu liko kushoto au kulia. Watu wakishazoea kwamba mlango ni kile kigamba, wakisikia "tundu" wengine watasema mlango uko kushoto, na kwenye fomu hutajua wanasema lipi. Kwa hiyo: *tundu* ni pale anapotokea, *kifuniko* ni kile kinachoziba tundu. Maneno mawili, usiyachanganye.

Sasa konokono wenyewe. Biomphalaria, anayebeba kichocho cha tumbo, ni bapa mithili ya kitufe na hana kifuniko. Ndiye utakayemkuta sana ufukweni na kwenye matete. Bulinus, wa kichocho cha mkojo, ana ncha, tundu lake liko kushoto, hana kifuniko. Huyu mtafute zaidi kwenye madimbwi na malambo ya bara. Lymnaea, tundu kulia, hana kifuniko, lakini huyo ni wa minyoo ya ini ya mifugo, si wa kichocho. Wenye vifuniko ni Melanoides mrefu mwembamba, Bellamya, Pila mkubwa, na Lanistes.

Huyo Lanistes mpe ukurasa wake peke yake. Gamba lake linaonekana limepinda kushoto vilevile kama la Bulinus, na akiwa mdogo anawadanganya hata wanafunzi wa chuo. Kinachomfichua ni kifuniko. Ndiyo maana hatua ya kwanza ni kifuniko, na tundu baadaye.

Mengine mawili. Konokono akifa, kifuniko kinadondoka, hivyo gamba tupu halithibitishi chochote. Waokote walio hai. Na akishtuka anajivuta ndani mpaka kifuniko hakionekani vizuri. Mwache kwenye maji dakika chache atatoka mwenyewe, kifuniko utakiona juu ya mguu, upande wa nyuma.

Mzee wa Dagaa
Marahaba. Nimekubali. Ila konokono wa shambani, yule mkubwa, kiangazi anajiziba kwa kitu cheupe. Nacho si kifuniko?

KomeNaKoa
Hapana mzee, ule ni ute wake umekauka. Mvua ikinyesha anautupa, kiangazi kingine anatengeneza mwingine. Kifuniko cha kweli kimeshikana na mguu, anakua nacho maisha yake yote.

Mswahili Wuhan
Niongeze neno, niko masomoni huku China. Msiandike kwamba kila konokono mwenye kifuniko hana kichocho. Huku na Ufilipino kichocho chao hubebwa na Oncomelania, na yeye ana kifuniko. Kanuni yenu ni ya Afrika.

NyotaYaUkara
Asanteni sana, nimechukua "kifuniko" na "tundu". Sentensi ya Mswahili nitaiweka hivi: "Hapa kwetu, konokono mwenye kifuniko si wa kichocho."

Swali la mwisho. Wachuuzi wangu kila siku wanamfunua sato shavu kuangalia kama matamvua bado ni mekundu. Kile wanachokifunua ndiyo operculum ya samaki. Nianzie hapo?

Hadubini
Mimi ningeanzia hapo. Wanakijua tayari.

KomeNaKoa
Mimi nisingethubutu. Shavu la samaki hufunguka na kufunga muda wote akisukuma maji kwenye matamvua. Konokono anafunga akiogopa au maji yakikauka. Ukiwaambia ni kitu kimoja, wa kwanza kunyoosha mkono atauliza kama konokono anahemea hapo, na nusu saa imekwenda. Atakayeuliza kuhusu neno la Kilatini umjibu wakati wa chai.

Gego la Mwisho
Na meno muyaache kabisa, nimekubali kushindwa.

Hadubini
Sawa, KomeNaKoa kashinda. Lakini dada, kabla ya kifuniko na tundu, ukurasa wa kwanza uwe wa viatu vya mpira virefu, glavu ndefu na chekecheo lenye mpini. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono kwa wingi jua likiwa kali, kuanzia asubuhi ya saa nne hadi mchana, na hupenya kwenye ngozi nzima isiyo na kidonda. Wavuvi watakuambia wamezoea maji. Wavalishe hivyohivyo.