Ultimate ya Marvel inafungwa Aprili 2026, sisi tunaomfuata Spider-Man mwenye watoto twende wapi?

msomaji_kabalagala
Wapenzi wa komiki hamjambo. Hapa mtaani kwangu nikianza hizi habari watu wananiangalia tu, kwa hiyo nawaletea nyinyi. Marvel wametangaza ule ulimwengu wa Ultimate, wa pembeni ambako mashujaa wao wanaanza upya kwa namna nyingine, huu mpya ulioanzishwa na Jonathan Hickman, unafungwa Aprili 2026. Banange, Ultimate Spider-Man imeanza Januari 2024 tu! Peter ana ndevu, ana Mary Jane na watoto wawili, nguvu za buibui kazipata akiwa baba wa watu, na Ben yuko hai ila May ndiye amekufa, yaani wamegeuza kila kitu na bado unamjua ni yeye. Ndiyo Spider-Man wa kwanza nimeona anawaza mambo ninayoyawaza mimi, nani anabaki na watoto usiku nikitoka. Sasa ndo nazoea wanafunga. Hii ni kutuchezea ama kuna mpango? Na nikihamia kwa wapinzani wao DC, kwa zile za Absolute ambazo nazo zinawageuza mashujaa upya, si nazo watafunga vilevile? Msiniharibie mwisho tafadhali, mimi niko nyuma kidogo, nasoma bando likiruhusu.

Bombo_Toto
Mpango upo ssebo, na ulikuwepo tangu mwanzo. Maker, yule mbaya aliyeutengeneza ulimwengu huo, alifungiwa ndani ya mji wake miaka miwili, na mule ndani ya hadithi mwezi mmoja ni mwezi mmoja kweli, toleo la mwezi huu ukilinganisha na la mwezi jana wao pia wamezeeka mwezi. Kwa hiyo saa ilikuwa inahesabu tangu siku ya kwanza, lazima mji ufunguke na lazima kitu kiishe. Mimi nasema bora hivyo, kwa sababu supahero wa kawaida haishi wala hafi. Superman walimuua 1992 toleo namba 75, watu wakapanga foleni, mwaka uliofuata huyo karudi. Captain America walimpiga risasi 2007, 2009 yuko njiani anarudi. Kifo chao ni kama umeme kukatika huku kwetu, unajua utarudi ila hujui saa ngapi. Hadithi yenye mwisho ni hadithi, hizo zingine ni kazi tu ya kila mwezi.

dada_wa_busia
Bombo_Toto unawatetea sana. Kuwa na mpango sikatai lakini mbona huyu Peter mwenye familia wamempeleka ulimwengu wa pembeni? Yule wa kwenye kitabu kikubwa alimuoa Mary Jane 1987, ndoa kabisa, halafu 2007 wakaifuta. Hawakuachana, hakuna aliyefiwa, alikuja Mephisto, yule shetani wao, akasema nipe ndoa yenu nimponye shangazi May, wakakubali, asubuhi wameamka hakuna anayekumbuka! Wakubwa wa Marvel waliona mwanaume mwenye mke anazeeka, hana tena stori. Mimi nimeolewa nina watoto na stori ninazo mpaka zinamwagika. Halafu leo wanatuonjesha kile kile walichotunyang'anya, wanaona watu wanakimbilia, bado wanafunga. Na toleo moja dola 4.99, karibu elfu 18 ya Uganda, wewe jumlisha mwenyewe.

Mkongo_Nsambya
Nyinyi munalia Peter. Mimi nililia David Zavimbe na hakuna mtu alinipa pole.

Wadogo hamumjui. 2011 DC walifuta kila kitu wakaanza upya, vitabu 52 vyote namba 1, hata Action Comics ya tangu 1938 wakairudisha kwa namba 1. Ndani ya hizo 52 moja ilikuwa Batwing, Batman wa Afrika, na si Afrika ile ya jumla jumla, alikuwa wa Kongo. Polisi katika mji unaitwa Tinasha, mji wa kutunga lakini Kongo ni yetu, na zamani alikuwa kadogo, alishikishwa bunduki akiwa mtoto. Mimi nimekua na watu waliopita hapo. Ile kitu haikuwa inanifurahisha kila ukurasa, kuna mahali walikuwa wanaonyesha mapanga na damu mpaka unachoka, unajiuliza huyu mwandishi amewahi kukaa na sisi hata jioni moja? Lakini ilikuwepo. 2013 kufika namba 19 David akasema yeye basi, ameacha. Mavazi wakampa Luke Fox, mtoto wa Lucius Fox, Mmarekani, baba yake anafanya kazi kwa Bruce Wayne. Jina la Batwing likabaki, Kongo ikatoka. Mwaka uliofuata na kitabu kikakufa.

Ndiyo maana nikisikia mabadiliko yanakuja siulizi nani ataingia, naangalia nani atatolewa kwanza. Sasa Ultimate Black Panther, T'Challa anapigana na Ra na Khonshu wanaotaka bara zima la Afrika, naye anakwenda na hii Ultimate yote.

Bombo_Toto
Mzee hapo siwezi kukupinga. Ila kuna njia ya kutoka, Miles Morales alizaliwa kwenye Ultimate ya zamani 2011, walipoifunga 2015 wao wakamhamishia ulimwengu mkubwa kwa sababu watu walikuwa wanampenda. Anayeuza anahamishwa.

Mkongo_Nsambya
Anayeuza kwao. Mimi na wewe hatuhesabiwi popote, tunasoma kwa simu.

msomaji_kabalagala
Aah mumenivuruga kabisa, nilikuja na Peter sasa nawaza Batwing. Na Absolute je?

Bombo_Toto
Anza na Absolute Batman, ilitoka Oktoba 2024, Scott Snyder anaandika na Nick Dragotta anachora. Bruce hana pesa, hana jumba, mama yake yuko hai, baba aliyeuawa alikuwa mwalimu. Batman ni jitu, bega kama mlango wa gereji. Itaisha lini sijali, kila toleo linakushika shingo.

dada_wa_busia
Na Absolute Wonder Woman ya Kelly Thompson, usiruke. Amelelewa kuzimu na bado ndiye mwenye roho nzuri kuliko wote. Mnaanzaga na Batman tu nyinyi wanaume.

msomaji_kabalagala
Sawa dada, zote mbili. Mkongo hiyo Batwing ya zamani inapatikana wapi?

Mkongo_Nsambya
Niko nayo ya karatasi, zile za kwanza. Naazima, siuzi. Uje Nsambya uichukue mwenyewe, na usikunje kurasa.

dada_wa_busia
Akimaliza yeye nifuate mimi, nitatuma mtu kwa basi.