Batian mwezi wa Agosti: upande wa kaskazini au tupitie Nelion?

Mpare_Mpanda_Mawe
Wakuu, heshima kwenu. Naomba ushauri kwa waliowahi kufika. Kibo ya Kilimanjaro nimepanda mara nne, Lenana ya Mlima Kenya mara mbili, na kila nikisimama Lenana (mita 4,985) nikatazama Nelion na Batian mbele yangu najiona kama mtu aliyealikwa harusini akaishia getini. Safari hii nataka kilele chenyewe, Batian, mita 5,199. Mwenzangu yuko Nairobi, tumepanda wote miamba ya Lukenya na Hell's Gate kwa miaka miwili. Njia rahisi tunaongoza kwa zamu na vyuma vya kushikia kamba kwenye nyufa tunaweka wenyewe. Likizo zetu zimegongana wiki mbili za mwanzo wa Agosti tu.

Nimeona njia ya kawaida ya Nelion inapewa daraja la nne la ugumu, na ile ya kaskazini ya Batian la nne na kidogo juu yake. Kwa kuwa ya Nelion ni nyepesi, tumepanga tuanze nayo halafu tuvuke kwenda Batian. Tumekosea wapi?

KambaMbili
Kwenye kalenda. Agosti jua liko kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo uso wa kusini-mashariki, ambako njia ya Nelion inapita, unashika theluji. Msimu wake ni Desemba mwishoni hadi Machi mwanzoni. Daraja ulilosoma ni la mwamba mkavu. Ufa ukijaa barafu, hilo la nne halipo tena.

Mpare_Mpanda_Mawe
Kumbe. Nilidhani karibu na ikweta hakuna kiangazi wala kipupwe.

Wa_Nanyuki
Karibu sana ndugu yetu. Huku mlima una pande mbili na misimu miwili, zinapokezana. Agosti nenda kaskazini: mnaingia lango la Sirimon, mnalala Old Moses, mnafika Shipton's Camp kwenye mita 4,200, na hapo mkae siku mbili kabla ya kugusa kamba. Wewe wa Kibo unajua mwinuko unavyomfanya mtu, ila kule unatembea ukiwa mzito wa kichwa. Hapa utakuwa unafunga fundo.

Njia yenyewe ilipandwa mara ya kwanza na Arthur Firmin na Peter Hicks mwaka 1944, kwa viatu ambavyo leo usingevaa hata shambani. Kwa hiyo ugumu wa mwamba usikutishe. Kinachowarudisha watu ni urefu. Ni vipande karibu ishirini vya urefu wa kamba, kimoja juu ya kingine. Chini ni mfereji na ngazi za mawe, katikati kuna uwanja wanaouita Amphitheatre, juu yake ndipo Firmin's Tower, pahali pagumu kuliko pote. Ukimaliza hapo usishangilie, ukingo wa kwenda kileleni bado mrefu. Wengi hupotea njia mapema, kwa sababu pale chini kila mahali panapandika. Nendeni siku moja kabla mkakague mwanzo wake mchana, maana siku yenyewe mtaanza gizani. Mchana wetu ni saa kumi na mbili tu, hata Agosti, na mawingu hupanda kuanzia saa sita.

Jambo jingine ni mawe yaliyolegea. Mwaka 1970 daktari mmoja wa Austria, Gert Judmaier, alishika jiwe karibu na kilele likang'oka naye. Alivunjika mguu, na kumtoa kulichukua zaidi ya wiki. Rubani wa helikopta iliyokuja kusaidia alikufa. Ile Austrian Hut unayoijua njiani kwenda Lenana ni shukrani ya Waaustria kwa uokoaji ule.

BiKilele
Kaka, nani kakwambia lazima Batian? Nelion imepungua mita 11 tu. Sisi tulienda Januari, mwamba mkavu kama kaango, tukalala juu kabisa kwenye kile kibanda cha bati alichojenga Ian Howell mwaka 1970. Tulikuwa watatu, tumepangana kama dagaa. Asubuhi tukatazama lile pengo la kuvukia kwenda Batian, Gates of the Mist, tukatazamana, tukashuka. Sijutii. Kama likizo inaweza kuhamia Januari, hamisha likizo.

Mpare_Mpanda_Mawe
Dada, bosi wangu hajui Januari. Basi ni kaskazini. Kushuka je, tunarudi tulikopanda?

Wa_Nanyuki
Wapo wanaovuka pengo hadi Nelion na kushukia upande wa pili, kwa kuwa kule vituo vya kushukia kwa kamba vimewekwa vizuri. Ila kwa mara ya kwanza, na theluji ya Agosti, nyinyi rudini njia mliyopanda. Bebeni kamba mbili, ukanda wa kufungia kamba mtakaouacha kwenye miamba mkishuka, na cha kujifunika usiku hata kama mnaapa hamtalala. Saa saba ikifika na hamjauona ukingo, geuzeni.

KambaMbili
Na helmeti, kila mtu yake.

Mpare_Mpanda_Mawe
Mimi ninayo. Mwenzangu Lukenya huwa anavaa ile ya bodaboda.

Wa_Nanyuki
Mwambie hiyo aivae mpaka lango la Sirimon, aiachie dereva. Huku kuna za kukodi.