Punda wangu mzee anatetemeka alfajiri na anazidi kukonda. Nimsaidieje avuke kipupwe hiki?

Mwana wa Chamwino

Mbukwenyi wakuu. Niko kijijini, wilaya ya Chamwino. Nina punda jike tunamwita Neema. Marehemu baba alimnunua mnadani mwaka aliozaliwa mdogo wetu wa mwisho, na huyo mdogo sasa ana miaka 24. Neema alifika akiwa ameshakomaa, kwa hiyo nikipiga hesabu hapungui miaka 26. Maji yote tuliyokunywa utotoni aliyabeba yeye, madumu manne ya lita 20 kila safari. Miaka miwili sasa nimempumzisha kabisa.

Tangu Juni ianze hali yake imebadilika. Mnaokaa huku mnaujua upepo wetu wa kipupwe, unaanza usiku wa manane na haukomi hadi jua lipande. Alfajiri namkuta kaupa upepo mgongo, mkia kaubana, mapaja yanatetemeka. Mifupa ya nyonga imetokeza. Kinachonichanganya ni kwamba chakula hakatai. Anashinda kwenye mabua ya mtama kutwa nzima, na jioni namwongezea majani ya mti wa lusina kwa sababu mbuzi wangu yamewanenepesha.

Naomba ushauri. Nimfunike blanketi? Niwashe moto zizini? Jirani ananiambia niuze mapema kabla hajafia mikononi mwangu. Huyu mnyama alitulea, sitaki aondoke kwa mateso.

Mchuuzi wa Kibaigwa

Pole sana mkuu. Mimi nasema ukweli wangu: punda wa miaka 26 amekula chumvi nyingi. Kama kuna mtu anamtaka, mwache aende, kipupwe bado ni kirefu.

Mama Wawili Kongwa

Hapo juu sikubaliani. Anayenunua punda mzee aliyekonda hamnunui abebe maji, sote tunajua anakoenda. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi, kwa sababu punda walikuwa wanakwisha na akina mama ndio waliorudi kubeba ndoo kichwani. Mwanangu, kaa na punda wako.

Kuhusu baridi, kwanza angalia zizi. Zamani kwenye tembe za wazee wetu mifugo ililala ndani ya ukuta, upepo haukuipata. Sasa tumejenga nyumba za bati, mifugo tumeiachia uzio wa miiba ambao upepo unapita kama hakuna kitu. Mimi punda wangu niliwajengea ukuta upande unakotoka upepo: fito, mabua yamesimamishwa na kufungwa kwa kamba, nje nikakandika udongo. Urefu unampita punda kichwa. Chini natandika makapi makavu ya mtama, na kila asubuhi natoa yaliyolowa. Hakuna nilichonunua zaidi ya kamba.

Moto usiwashe. Niliwahi kujaribu, wakakohoa wiki nzima.

Mtunza Farasi Mufindi

Nimefanya kazi ya kutunza farasi nyanda za juu miaka tisa, sehemu ambayo Julai unaamka nyasi zimekuwa nyeupe kwa barafu. Farasi na punda si sawa. Manyoya ya farasi yanajaa wakati wa baridi na yanazuia maji vizuri. Ya punda ni mepesi zaidi na mvua inapenya hadi kwenye ngozi. Lakini kuna jambo moja ambalo wote wanafanana: joto lao linatengenezwa tumboni. Nyasi na mabua yanapochachuka kwenye utumbo mpana, mwili unapata moto. Kwa hiyo usiku wa baridi sisi tulikuwa tunaongeza nyasi, si nafaka.

Sasa jiulize: kama Neema anashinda kwenye mabua na bado anatetemeka, hayo mabua yanafika tumboni kweli? Nenda kaangalie chini pale anapokula. Ukiona madonge ya majani yaliyotafunwa na kutemwa, tatizo lako halijaanzia kwenye upepo.

Blanketi si baya kwa mzee aliyekonda, ila lina masharti. Liwe kavu. Lisifungwe kwa kamba inayokata kifuani. Jua likipanda livue, maana saa sita Dodoma ni joto na atatoka jasho ndani yake, jioni jasho hilo linakuwa baridi. Na kila unapolivua pitisha mkono mgongoni na mabegani kutafuta michubuko. Mkono huohuo ndio mizani yako. Manyoya ya kipupwe yanadanganya macho, mbavu hazidanganyi vidole.

Mwana wa Chamwino

Nimetoka zizini sasa hivi. Madonge yapo, mengi. Nilikuwa nayaona siku zote nikidhani ni mabaki tu. Nimeokota moja: limelowa mate, limesokotwa kama kipande cha kamba ya katani, refu kama kidole changu cha kati, na nyuzi za bua zote ziko nzima ndani yake. Halafu nimesogea karibu na mdomo wake, kuna harufu mbaya upande wa kushoto. Nimejisikia vibaya sana, wakuu.

Daktari wa Mifugo Kanda ya Kati

Usijilaumu. Punda huficha maumivu kuliko mnyama yeyote ninayemtibu. Ng'ombe akiumwa utajua, punda anasimama kimya tu na masikio kayalegeza. Ukiona amezubaa, ujue ameumwa siku nyingi.

Meno ya punda yanaendelea kuchomoza maisha yake yote na kusagika kwa kutafuna. Uzeeni magego mengine yanakwisha au kung'oka, na yale yanayotazamana na pengo yanarefuka kwa kuwa hakuna la kuyasaga. Kingo zinakuwa kali zinachana shavu na ulimi. Harufu ya upande mmoja mara nyingi ni chakula kilichooza kwenye pengo, au jino bovu. Mwite daktari wa mifugo mwenye chombo cha kutanua mdomo na tupa ya meno. Amdunge sindano ya kumtuliza kwanza. Usikubali mtu amshike kwa nguvu na kumng'oa jino kwa koleo. Muulize na kuhusu chanjo ya pepopunda, kidonda cha mdomoni kinaweza kuwa njia.

Wakati unasubiri, haya ni ya leo leo:

Acha lusina. Mbuzi ana tumbo la kucheua, vijidudu vyake vinaweza kuivunja sumu iliyomo. Punda hana tumbo hilo. Akila nyingi hunyonyoka nywele za shingo na mkia. Chakula cha kuku usimpe hata kiganjani, kwani baadhi huchanganywa dawa ya koksidia (ugonjwa wa kuhara wa kuku) ambayo inaweza kuusimamisha moyo wa punda.

Mabua marefu yanaweza kumkaba au kuziba utumbo. Yakatekate yawe mafupi chini ya kucha ya kidole gumba, au bora zaidi pata majani makavu ya karanga uyaponde. Loweka na pumba hadi iwe kama uji mzito, asihitaji kutafuna. Punda wa kilo 150 anahitaji kama kilo 2 hadi 3 za chakula kikavu kwa siku, na kwa mzee gawa mara nne. Anza kidogo, ongeza polepole kwa siku 10 hadi 14. Mashudu ya alizeti kikombe kimoja kwenye kila mlo yatasaidia kurudisha mwili. Pumba peke yake hapana, ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, mifupa italegea. Mahindi mengi nayo hapana, yanaweza kumletea moto wa kwato, yaani kwato kuvimba ndani kwa maumivu, ashindwe hata kusimama.

Nusa kila gunia. Pumba au karanga yenye ukungu tupa, usimpe na mbuzi. Sumukuvu tunaifahamu, mwaka 2016 iliua watu hapahapa Dodoma na Manyara.

Maji watu husahau. Punda hapendi maji baridi, na asubuhi za kipupwe anaweza kuyaacha kabisa, halafu mabua makavu yanakwama tumboni. Mpe ya uvuguvugu asubuhi na jioni, na chumvi ya mawe awe nayo ailambe.

Na hili ndilo nalokuomba uliandike ukutani: akikataa kula siku nzima, usingoje ya pili. Punda mwenye njaa huyeyusha mafuta ya mwili haraka mno, yanajaa kwenye damu, ini linazidiwa. Majike wazee ndio wanaoondoka hivyo. Piga simu siku hiyohiyo.

Mama Wawili Kongwa

Daktari, ubarikiwe. Niongeze: ana mwenzake? Punda wakizoeana wanakuwa ndugu. Usimtenge kwa ajili ya matibabu, mfunge mwenzake hata nje ya uzio aweze kumwona.

Mwana wa Chamwino

Ana mwanawe wa miaka tisa, analala naye.

Narudi na taarifa baada ya siku 19. Daktari alikuja. Alipotanua mdomo alinionyesha kwa tochi: gego moja la chini kushoto halipo, na la juu yake limeshuka kama ndoano, limechimba fizi. Kwenye pengo alitoa donge la mabua meusi. Alilisaga lile jino kwa tupa, akasafisha kwa maji ya chumvi, akamdunga na ya pepopunda, akaacha na dawa ya minyoo. Kazi yote ilichukua kama dakika 40.

Ukuta wa mabua nimejenga na wanangu. Blanketi namvisha saa mbili usiku, namvua saa tatu asubuhi. Uji wa pumba na majani ya karanga anaumaliza, tena anagonga ndoo kwa pua akitaka zaidi. Madonge sasa nakuta moja au mawili kwa siku. Mbavu bado nazihesabu kwa vidole, lakini asubuhi mbili zilizopita mapaja yalikuwa yametulia.

Daktari, swali: huyu nimwongezee mashudu sasa au nisubiri?

Daktari wa Mifugo Kanda ya Kati

Subiri wiki moja. Kinyesi kikiwa na umbo na hakina nyuzi ndefu, ongeza nusu kikombe. Meno yaangaliwe tena baada ya miezi sita.